Mlango wa Somo la Mahindi

Mwalimu Ibrahimu Shemndolwa anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mitano ya kufundisha Historia, yote katika Shule hii ya Sekondari Kwemvule. Walimu wengi hupitia shule nne au tano kabla ya kustaafu. Yeye alipangiwa hapa akiwa kijana mwenye nywele, na hapa hapa nywele zikamtoka. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Tabitha Mwakalinga, mwalimu mwenzake wa Historia, kazi ya kuandika wasifu huu. Niliambiwa niuandike kwa furaha. Nitajitahidi, ila niseme mapema kwamba nimeuandika kwa hofu, na kabla hamjafika mwisho mtajua sababu.

Mwalimu alizaliwa Malindi, ile ya huku kwetu Lushoto na si ya pwani, katika nyumba ya wakulima wa kabichi na karoti. Wote mliokaa naye ofisini mmeisikia hadithi ya mashine ya kusaga. Alikuwa mdogo bado mashine ilipofika kijijini kwao, na siku hiyo, anasema, alimwona mama yake amelala mchana kwa mara ya kwanza. Mikono iliyokuwa na malengelenge ya mchi ikapona. Tangu hapo Mwalimu akawa mtu wa mashine. Alipokwenda chuo cha ualimu na kusoma habari za mitambo ya kufuma nguo na injini za mvuke, alisoma kama mtu anayesoma habari za ndugu zake.

Kwa hiyo kila kitu kipya kilichopanda mlima huu kilipitia kwake. Simu ya mkononi ya kwanza shuleni ilikuwa yake. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe lililo nyuma ya choo cha walimu, na jiwe hilo hadi leo tunaliita Posta. Naambiwa alikuwa akisimama pale akipaza sauti mpaka bonde zima likajua bei ya kabichi Dar es Salaam. Kompyuta ya kwanza aliipakata kwenye basi kutoka Mombo, kona zote zile, akakataa katakata isiwekwe kwenye buti. Umeme wa jua uliopo maktaba ni matunda ya usumbufu wake. Sisi waoga alitutania bila huruma. Miaka ya mwanzo nilikuwa nang'ang'ania kuandaa mitihani kwa stensili, naye kila asubuhi, nikishamaliza kumpa shikamoo yake, aliitikia kisha akauliza na stensili zimeamkaje.

Sasa nije kwenye Somo la Mahindi, maana hakuna aliyesoma hapa asiyelikumbuka.

Kila mwaka Kidato cha Pili wanapofika kwenye Mapinduzi ya Viwanda, Mwalimu huwaagiza waje na mahindi makavu kutoka nyumbani. Wanafunzi kumi hukaa kwenye mkeka mbele ya darasa na kupukuchua kwa mikono. Pembeni yao mwanafunzi mmoja anazungusha mpini wa ile mashine ndogo ya chuma ya kupukuchulia, aliyoinunua mwenyewe mnadani. Mmoja huwashinda kumi kila mara, na darasa hupiga makofi. Hapo Mwalimu huwashukuru wale kumi kwa adabu zote, huwaomba watoke nje wakakae kwenye nyasi, kisha huufunga mlango na somo linaendelea bila wao. Huwaeleza waliobaki jinsi reli ilivyofika Mombo enzi za Mjerumani, na kuwauliza wapagazi waliokuwa wakibeba mizigo kichwani njia ile walikwenda wapi. Huwaeleza waliofuma kwa mkono, walionakili vitabu kwa mkono, waliounganisha simu kwa mkono. Wakati huo sufuria la makande limeshaletwa darasani, linatoa mvuke, na walio ndani wanaambiwa wanaweza kula. Mwisho anaandika ubaoni swali moja: Walioko nje tuwafanyeje?

Majibu ya miaka yote hiyo yangejaza kabati. Kuna waliosema wafundishwe kuzungusha mpini. Kuna waliosema kila mtu na bahati yake. Yassir, ambaye sasa ni fundi magari maarufu Lushoto mjini, alikuwa mmoja wa walioko nje mwaka wake, akaingia kwa dirisha, akang'oa mpini wa mashine na kuutupa bondeni. Mwalimu alicheka hadi akakaa chini, akawaeleza kwamba wafumaji wa Ulaya nao walifanya hivyohivyo, kisha akamtuma Yassir bondeni kuutafuta. Aliutafuta hadi jioni.

Lakini jibu alilolisubiri Mwalimu halikuwa la kuandika. Leo naitoa siri, kwa sababu somo lenyewe huenda lisifundishwe tena. Alikuwa anasubiri mtoto mmoja aliye ndani ainuke bila kuambiwa, achukue bakuli la makande na kufungua mlango. Basi. Mlango ukifunguliwa, somo limekwisha. Sisi walimu tulijua, na tulikatazwa kabisa kuugusa mlango huo au hata kuutupia jicho. Mwaka mwingine ilichukua muda mrefu, mwaka mwingine wameinuka watatu kwa pamoja wakapigana vikumbo. Mwanamisi, ambaye sasa ni muuguzi, alifungua hata kabla swali halijaandikwa, akasema walioko nje watapata baridi. Hapakuwahi kupita mwaka ambao mlango haukufunguliwa, na mimi nilizoea kuamini kwamba hautapita.

Mwaka jana ulifanyika mkutano wa walimu kule Lushoto mjini. Wageni walieleza mradi wa kujaribu akili mnemba mashuleni, programu inayofundisha, inayouliza, inayosahihisha insha, yote kwenye vishikwambi na projekta. Walipouliza shule gani iko tayari kuanza, mkono wa Mwalimu ulikuwa wa kwanza juu. Nilikuwa nimekaa karibu yake, nikamvuta shati. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba madarasa yamejaa, insha zinakaa mwezi mzima hazijasahihishwa, na watoto wa Kwemvule nao wana haki ya kulala mchana. Nilijua anamkumbuka mama yake, nikamwachia shati.

Programu ikaja, na nisifiche, ni nzuri. Ina sauti ya kike tulivu, ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha, jambo ambalo mwalimu wa Kwemvule hana. Haichoki, haikemei, insha ya usiku inarudi imesahihishwa kabla mwanafunzi hajanawa uso. Mwalimu Ibrahimu alifurahi wiki nzima. Kisha Mkuu wa Shule, Mwalimu Elieshi, akarudi kutoka kwenye kikao cha waliotuzidi vyeo, akatukusanya na kutueleza kwa upole, kwa sababu yeye ni mtu mpole, kwamba kwa kuwa mradi umekwenda vizuri, nafasi ya Mwalimu Ibrahimu haitajazwa. Kuanzia Julai, Historia ya shule nzima itafundishwa na programu, nami nitakuwa msimamizi wa vishikwambi. Mwakani watatazama upya kama msimamizi anahitajika.

Walimu waligeuka wakanitazama mimi. Mimi nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameshika kikombe cha chai bila kunywa.

Baadaye alinifuata nje kwenye jiwe la Posta. Alinieleza jambo ambalo hakuwa amelisema katika hadithi yake ya mashine ya kusaga, miaka yote. Kulikuwa na shangazi yake, mjane, aliyekuwa akiishi kwa kuwatwangia watu mahindi. Mashine ilipokuja, mama alilala mchana, na shangazi hakuitwa tena nyumba yoyote. Alikuja kukaa uani kwao, na mtoto Ibrahimu ndiye aliyekuwa akitumwa kumpelekea chakula. Hapo ndipo lilipotoka swali lake la ubaoni. "Mwanangu Tabitha," akaniambia, "nimewatania waoga maisha yangu yote. Sasa naogopa, na mpini nimeuzungusha mwenyewe." Mimi nina miaka kumi na minane kabla ya kustaafu, nina mzigo wa ada za watoto, na hofu yangu nilikuwa nayo tangu mkutanoni. Kuikuta imemwingia na yeye ndiko kulikonimaliza, maana nilikuwa nimejificha nyuma ya ushujaa wake.

Mwezi huu akaomba afundishe Somo la Mahindi kwa mara ya mwisho. Akabadilisha kitu kimoja. Wale kumi walipoombwa watoke, alichukua koti lake, akatoka nao, akakaa nao kwenye nyasi. Darasani akaniachia mimi kiti cha nyuma, na mbele akaiachia programu iendelee na somo.

Iliendelea vizuri mno. Ilieleza injini ya mvuke kwa picha zinazotembea, wapagazi, wafumaji, mpaka ikajieleza na yenyewe. Kisha ikafika kwenye swali la Mwalimu, maana alikuwa ameiwekea: Walioko nje tuwafanyeje? Kabla mtoto yeyote hajanyanyua mkono, Witness, binti hodari aliyezungusha mpini siku hiyo, akaliuliza swali hilo hilo kwenye kishikwambi chake. Sauti ikasema ni swali zuri sana. Ikatoa jibu ambalo sijawahi kulisikia kwa mwanafunzi wala kwa mwalimu: wapewe mafunzo mapya, walindwe kipato chao, washirikishwe katika maamuzi, wasisahaulike. Yote kweli. Darasa likainama kuandika. Witness akaomba hoja ya tatu irudiwe, nayo ikarudiwa bila kinyongo.

Ukungu ulikuwa umeshashuka kutoka msituni na kufunika uwanja. Mtoto mmoja kule nje akakohoa. Kalamu zikaendelea. Nilikaa nimekalia mikono yangu, nikiutazama ubao ili nisiutazame mlango, nikawa naomba kimoyomoyo kama ninavyoomba mgonjwa akiwa chumba cha upasuaji. Kichwa kimoja tu, Bwana, kiinuke. Makande yakaacha kutoa mvuke. Wakamaliza kuandika, wakapiga mistari chini ya vichwa vya habari, wakakaguana madaftari. Ndipo kengele ya mapumziko ikalia, nao wakafungua mlango na kutoka, wakiwapita wenzao kwenye nyasi.

Mwalimu akaingia, koti limelowa. Akaniuliza nani kafungua. Nikamwambia kengele. Akakaa kwenye dawati la mbele, lile la watoto, akasema alikuwa akiwaona kupitia dirishani, wote wameinama. Hakumlaumu Witness wala yeyote, na mimi simlaumu. Ni watoto wema, na waliandika kwa hati nzuri kwamba walioko nje wasisahaulike. Nimeyasoma madaftari yote. Sijawahi kuogopa daftari la mwanafunzi kama nilivyoogopa siku ile.

Lakini huu ni wasifu na si matanga, na kuna shukrani za kutoa. Tunamshukuru Mwalimu kwa vizazi vya wanafunzi waliojifunza kuuliza nani kapata na nani kakosa kila mara jambo jipya linapoingia mjini. Tunamshukuru kwa umeme wa maktaba, kwa jiwe la Posta, na kwa utani uliotupa sababu ya kuwahi kazini. Tunamshukuru mke wake, Bi Mwanahamisi, ambaye miaka yote hiyo ndiye aliyepika yale makande kwa sufuria lake na mkaa wake, na leo pia kayapika. Mashine ya kupukuchulia kaniachia mimi. Nimeiweka juu ya kabati la ofisi, mpini wake nimeufunga kamba.

Mwalimu wetu, mghoshi wetu, mzee wetu wa heshima, nenda Malindi ukapumzike. Kabichi zako zistawi, magoti yako yapone, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na mchana ukiingia nawe ulale bila kuamshwa na kengele ya mtu. Maisha yako ya mbele yawe mema kuliko haya uliyotupa sisi.

Limebaki jambo moja, na nalielekeza kwako wewe unayeusoma wasifu huu kwenye ratiba ya sherehe, umekaa ndani ya bwalo. Kwa desturi ya sherehe zetu, mstaafu huingia mwisho, akiitwa na mshereheshaji baada ya hotuba. Hotuba ziko tatu. Kwa hiyo sasa hivi, unaposoma hapa, Mwalimu Ibrahimu yuko nje kwenye nyasi na koti lake, anasubiri, na ukungu wa Juni mnaujua. Mlango umerudishiwa tu, haukufungwa kwa ufunguo. Sufuria la makande liko humu ndani, kwenye meza iliyo kando ya mlango, na mabakuli yapo. Mimi mwenyewe siruhusiwi kuugusa mlango huo, nimekwisha kuwaambia. Nimekaa safu ya mbele, mgongo wangu umeuelekea, na naogopa kugeuka.