Mwanamke wa Kwenye Kioo Hapigi Magoti

Wapendwa wa kikundi chetu cha maombi, kabla sijasema lolote, nitazameni. Nimesimama. Mguu huu wa kulia nilipewa na mama yangu, huu wa kushoto umetengenezwa na watu wa ofisi moja kule Ntinda. Cheka tu, mama wa pale mbele, hata mimi siku hizi nacheka.

Wengi mnanijua. Nilitoka Kongo na watoto wangu, hapa Kampala nikauza vitenge nyumba kwa nyumba. Kisha gari likanigonga nikiwa juu ya bodaboda, na pale hospitali ya Mulago wakaukata mguu juu ya goti ili nibaki hai. Nawashukuru. Lakini niliporudi nyumbani nilikuwa mtu wa kulala tu. Watoto walikula kwa jirani, nami nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Ndipo wakaja wabunifu wa vifaa vya walemavu kutoka ile ofisi ya Ntinda, dada mmoja mwenye miwani na bwana mmoja mwenye kompyuta. Walisema kazi yao inaanza na mtu mwenyewe: kwanza wanamsikiliza, halafu ndipo wanatengeneza. Wakabandika vikaratasi vya njano ukutani kwangu. Nikavitazama nikajiuliza, hawa wanatafuta nini? Nani anakuja bure kwa mkimbizi? Labda watapiga picha ya kigutu changu wakaombee misaada.

"Mama, unataka nini?" dada akaniuliza.

"Nataka kutembea."

"Na nini kingine?"

"Ni hivyo tu."

Ndugu zangu, ninyi mnajua kwa nini nilijibu hivyo. Sisi tumehojiwa mpaka tumechoka. Mkimbizi anajifunza kutoa jibu fupi, jibu lilelile la jana, bila kuongeza. Ukiongeza neno, faili lako linarudi chini kabisa. Basi niliwajibu kama ninavyowajibu maofisa, wakaandika, wakaondoka wamefurahi.

Mguu ukaja. Nilitembea nao, siwezi kuwadanganya. Goti lilijikunja vizuri kwa kukaa kwenye kiti, likaishia hapo. Lakini wateja wangu ni mabibi wa Kiganda, majajja wa heshima. Mwanamke akiingia kwa jajja anapiga magoti, anamsalimu, ndipo anatandika vitenge kwenye mkeka. Mimi Mkongo nilijifunza hivyo, na ndivyo nilivyolisha watoto. Sasa nikaenda nikasalimu wima. Jajja hakuuona mguu chini ya kitenge changu.

"Nnyabo," akaniambia, yaani mama, "leo wewe ni mkubwa kuliko mimi?"

Ningemweleza vipi? Nimfunulie nguo barazani, watu wanapita? Nilibeba mzigo wangu, nikarudi nyumbani, nikautupa ule mguu chini ya kitanda.

Baada ya muda wakaniita Ntinda kwenye mkutano. Nilikwenda na magongo, mguu nimeufunga kwenye kitenge, nia yangu kuwarudishia. Bwana wa kompyuta alikuwa na furaha kubwa. Akasema huko mbele hawatasumbua tena watu majumbani. Kompyuta imesoma majibu yetu yote, sasa inaweza kuunda mtu wa mfano, wakamuuliza yeye. Akabonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta akatokea mwanamke mwenye kilemba, mkimbizi, muuza vitenge, mguu mmoja. Kiswahili chake safi kunishinda!

"Mama, mguu ukoje?" bwana akamuuliza.

Yule akatabasamu. "Nashukuru sana. Sasa ninaweza kutembea."

Yalikuwa majibu yangu, yale mafupi ya kuogopa maofisa, yamevishwa kilemba. Nikashikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu ajali.

"Mwambie apige magoti," nikasema.

"Samahani, mama?"

"Huyo mama yenu. Si anauza vitenge Kampala? Mwambie amsalimu jajja."

Bwana akaanza kumwandikia swali. Dada mwenye miwani akamshika mkono, akanigeukia. "Mama, tuonyeshe wewe."

Nikaufungua mguu, nikauvaa, nikajaribu kupiga magoti. Nikaanguka ubavu katikati ya viti, mbele ya wakubwa wao, na nikalia. Nikiwa palepale sakafuni nikawaambia yote: mkeka, jajja, choo cha kuchuchumaa, tope la kwetu mvua ikinyesha. Hakuna aliyeandika. Walinisikiliza tu.

Tangu siku ile dada yule alizunguka nami nyumba kwa nyumba. Alipiga magoti mwenyewe, amevaa suruali, jajja akamkazia macho! Goti likatengenezwa upya mara nyingi, mpaka likakubali. Napiga magoti polepole, nikiinamia upande, na linalia kidogo. Lakini wateja wamerudi, na watoto wangu wanakula kwangu.

Namshukuru jirani yangu aliyewalisha bila kuniuliza hadi lini. Namshukuru dada yule. Nawashukuru ninyi mlioniletea kuni na maombi. Mungu aliyenisikia nikimtukana, akanivumilia, asifiwe.

Lakini nawaambia ukweli, wabunifu wale bado nawashuku. Watakuja kwenu pia, wamesema wanataka kutengeneza mikono. Msiwajibu kama maofisa. Waonyesheni, na ikibidi angukeni mbele yao. Wakisema kompyuta yao inawajua tayari, waulizeni ilijulia wapi.

Mnamwona bwana yule aliyesimama mlangoni? Ndiye mwenye kompyuta. Ameomba kurekodi ushuhuda huu ili yule mwanamke wake wa kwenye kioo ajifunze. Nimemwambia azime simu. Dada wa pale nyuma, sogea kidogo, umpishe akae na sisi.