Maji Niliyomnyima Bibi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na wale waliokwisha kulisahau jina lake, kwa maana Yeye hajawasahau.

Nimesimama mbele ya jumuiya yetu hapa Mazwi kushuhudia, na sina budi kuanza na kosa langu.

Mnamfahamu bibi yangu, mzaa mama. Tulimleta kutoka Kasense daktari alipothibitisha kwamba ana ugonjwa wa kusahau. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na ninasubiri ajira, nikaomba mwenyewe kumtunza. Niliamini kwamba upendo wenye utaratibu hauwezi kushindwa. Alipoanza kulowesha shuka, nilichora ratiba nikaibandika ukutani: kikombe kimoja cha uji wa ulezi asubuhi, nusu kikombe cha maji mchana, na baada ya saa tisa asipewe kitu. Shuka zikawa kavu. Nikajisifu, tena si kimoyomoyo. Wengi wenu hapa niliwasimulia.

Jumanne moja bibi alichambua maharage huku akinitania kama kawaida yake. Jumatano hakunitambua. Alhamisi alikuwa akizungumza kwa Kifipa na babu, ambaye tulimzika miaka mingi iliyopita, akimsihi asiuache ulezi shambani ukanyeshewa. Uji aliutema. Mama akawapigia simu ndugu zetu wa Namanyere waje kumuaga. Watu walisema ugonjwa umefika mwisho wake, na mimi msomi nikakubali. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwomba Mungu amchukue kwa amani.

Mchana huo akina mama wa jumuiya walikuja kusali rozari pamoja nasi. Miongoni mwao alikuwamo muuguzi wetu mstaafu. Kabla hatujaanza, aliuliza hali ile ilianza lini. Nikamweleza. Akashika ngozi ya mkono wa bibi, akauliza anakunywa kiasi gani. Nikamwonyesha ratiba, bado nikiwa na fahari kidogo. Aliisoma yote, kisha akaibandua ukutani.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “kusahau hakummalizi mtu kwa siku mbili. Hapa kuna ugonjwa mwingine, na bibi yako ana kiu. Rozari tutasali ndani ya bajaji.”

Tukasali ndani ya bajaji! Hospitali walipima mkojo wakakuta maambukizi, na mwili wake ulikuwa umekaukiwa maji. Daktari hakunilaumu. Alinieleza kwamba mgonjwa wa kusahau huumwa pia magonjwa ya wazee wengine: presha, sukari, jino, sikio, hata huzuni nzito. Tofauti ni kwamba hawezi kusema anaumwa wapi, nasi tunayarundika yote kwenye kusahau. Walimtundikia dripu na kumpa dawa. Nilikaa pale nikitazama matone yakishuka, na kila tone lilinihukumu.

Asubuhi ya siku ya nne alifumbua macho akanitazama kwa muda mrefu.

“Mke mwenza,” akasema, “mbona umekonda hivyo? Mume wetu hakulishi?”

Nilicheka nikilia, ndugu zangu. Yeye akaomba uji.

Sikuja kuwaambia kwamba bibi amepona kusahau. Bado anasahau, na mwaka kesho huenda akasahau zaidi. Shuka ninafua karibu kila siku, na ninazifua kwa furaha. Aliyefunguliwa hapa ni mimi, niliyekuwa nimefungwa na kiburi cha kudhani nimekwisha kujua.

Wewe uliye na mzazi wa namna hii nyumbani, mtumaini Mungu, na akibadilika ghafla mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Usimzike kabla hajafa. Mimi nilimwomba Bwana amchukue bibi yangu, na ninamshukuru mbele yenu nyote kwa kuwa alinikatalia.