Wanamtakia Nini Mama Eugénie?

Kijiwe chetu cha Katindo ni ubao mmoja juu ya mawe mawili ya volkano, mbele ya kantini ya Kakule, anayeuza kahawa ya Beni kutoka thermos mbili. Jumamosi ile, saa tatu asubuhi ikikaribia, tulikuwa tumeketi watatu wa kila siku pamoja nami. Procureur ni fundi wa pikipiki. Aliitwa hivyo, mwendesha mashtaka, kwa sababu hata mtu anayemsalimu tu, yeye humwuliza jana alikuwa wapi. Antenne huuza unités, vocha za simu, na habari zisizo na mwenyewe. Papa Zéphirin, mtoto wa baba yangu mkubwa na muuza jibini, alikuwa amevaa koti lake la harusi. Saa tatu, kule Himbi, kitivo cha udaktari kingempa médaille, nishani ya heshima, dada yake Eugénie Nyirarukundo, sekretere wa stages, ambaye hupanga kila mwanafunzi aende mazoezini hospitali gani na kutunza carnets, daftari zao za alama. Eugénie ni mjane, na watoto wake wako Kampala. Alimwomba kaka yake asimame kando yake, maana kwetu mtu hapokei heshima peke yake. Zéphirin alikuwa bado ameketi.

— Koti liko tayari, mwenyewe hapana, akasema Kakule. Unangoja nini, Papa?

— Ninafikiri.

— Afikiri vizuri! akasema Procureur. Swali la kwanza: ule mama anatumika pale miaka ngapi?

— Ishirini na mbili, nikasema. Alianza mwaka uliofuata volkano.

— Miaka vingt-deux, hakuna mutu alimupa hata kalamu. Leo médaille. Juu ya nini leo?

— Juu ya carnets, akasema Kakule. Siku za risasi, Januari, alizibeba kwa muguu akazificha kwake, chini ya kitanda. Bila yeye, watoto wangerudilia stage yote.

— Njo pale! Alama za watoto mia tatu, siku makumi ine, chini ya kitanda cha mutu mumoja. Nani alikuwa anaziangalia? Wazee walisema: kikulacho kiko nguoni mwako. Na médaille wanaitungika wapi?

— Kwenye nguo, akasema Antenne, kama mtu aliyefunuliwa siri.

— Sawa! Watamusimamisha, makofi, kisha mumoja anauliza: Mama, alama za mutoto fulani zilipanda namna gani?

Carnets zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Najua kwa sababu nilimsaidia kuzihesabu siku ya kuzirudisha, na kila kifurushi kilikuwa na kamba yake na mhuri ambao haukuguswa. Ningeweza kusema. Nilikunywa kahawa.

— Hiyo ni kidogo, akasema Antenne. Shemeji yangu anafagiaka kule. Mama atatia signature kwamba amepokea. Juu ya signature, karatasi iko blanche, haina neno. Kesho wanaandika pale: mimi Eugénie ninaacha kazi. Kiti chake kimekwisha kupata mutu.

— Mutu gani?

— Shemeji hakuambiwa. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

— Na weye Zéphirin, Procureur akamgeukia, ukisimama kando yake, uko témoin, shahidi wake. Watakuuliza pia.

— Nitajibu nini? Miye ninauzaka fromage!

— Utafungwa na fromage yako.

Tulicheka, isipokuwa mwenye koti. Saa tatu ikapita. Antenne akainama, akashusha sauti.

— Kuna kintu sikupenda kusema. Pale ni kwa madaktari. Daktari anaona mutu akipita tu: macho, ngozi, mutembeo. Na kwetu mutu anasifiwa siku gani? Siku ya msiba. Wameona kintu ndani ya ule mama. Wanafanya haraka.

Zéphirin aliweka kikombe chini.

— Muezi jana alikuwa anakohoa.

— Umeona!

— Ilikuwa vumbi, nikasema.

— Muzee, akanijibu Procureur, asiyesikia la mukuu huvunjika muguu.

Mkubwa pale nilikuwa mimi. Nikamnyoshea Kakule kikombe anijazie.

— Usipoenda, utamuambia nini dada yako? akauliza Kakule.

— Nitasema pikipiki, moto yangu, iliharibika. Procureur ni fundi, atanishuhudia.

— Miye sisemaka uongo, akasema Procureur. Leta hiyo moto. Nitatoa bougie, plagi yake, iharibike kweli.

Kabla Zéphirin hajainuka kuileta, pikipiki nyingine ilisimama mbele yetu bila kuzimwa. Alishuka msichana mwenye blouse nyeupe, koti la daktari, jasho usoni.

— Bapapa, jambo. Miye ni docteur Vanessa, Mama Eugénie alinitunzia carnet. Natafuta Papa Zéphirin.

Hakuna aliyemwonyesha. Koti lilitosha.

— Papa, walimuita Mama mbele. Alisimama, akakatala kupokea. Anasema mutu wa kwao eko njiani. Yeye anasimama, nani ataketi? Salle nzima, ukumbi wote, imesimama, hata doyen, mukubwa wa kitivo, dakika makumi mbili sasa. Nirudi nimuambie nini?

Procureur, mwenye maswali yote ya mtaa, alitazama mafuta mikononi mwake. Antenne aliiweka simu sikioni, ingawa haikuwa imelia. Zéphirin akanitazama mimi, maana nami ni mtu wa kwao. Nami nikamtazama Kakule, ambaye si ndugu yetu.

Vanessa alipanda tena, akasogea karibu na dereva, akaacha nafasi ya mtu mmoja nyuma yake.

— Bapapa, nimuambie nini?