Mzee Omurkul, Aliyesikiliza Magari kwa Simu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na jiko. Na wewe uliyeko njiani, punguza mwendo, maana barafu ya msimu huu haina adabu wala haichagui tajiri. Leo tunamkumbuka Mzee Omurkul wa kijiji cha At-Bashy. Alikuwa dereva wa trekta la ushirika mpaka ushirika wenyewe ulipokufa. Baada ya hapo akawa fundi wa uani kwake. Nasema fundi wa uani, si wa gereji. Gereji hakuwa nayo. Alikuwa na kibanda cha kondoo ambacho kondoo wake walikuwa wamekwisha kuliwa, rafu ya spana, na gari moja la Kirusi la kijani, kuukuu, lililokohoa kuliko yeye.

Magonjwa makubwa ya magari hakuyagusa. Injini ikipasuka alikuwa akisema, "Huyo mpelekeni hospitali, mimi ni mganga wa mafua." Lakini mafua aliyajua. Gari lisilowaka asubuhi, gari linalolia, gari linalotetemeka likisimama. Alikuwa akilisikiliza kwanza, mikono mfukoni, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikia akisengenywa chumba cha pili.

Jirani yake Asankul, rafiki yake tangu utotoni, anakumbuka siku alipompelekea gari linalopiga mayowe.

"Nilimwambia, Omurkul, hili dude linalia kama mke wangu nikirudi nimechelewa. Akachukua kikombe cha maji, akarashia mkanda wa feni huku injini inanguruma. Mayowe yakazidi. Akasema, 'Mkanda umelegea. Ungekuwa umekwisha, ungenyamaza kidogo.' Akaukaza. Kimya. Nikamuuliza, na mke je? Akasema, 'Huko kinacholegea ni wewe.'"

Basi ndiye huyo, wasikilizaji wapendwa. Ndiye Mzee Omurkul tunayemkumbuka leo.

Alikuwa na mke, Mama Kalicha, na watoto wawili. Binti, Burul, ameolewa palepale kijijini. Mtoto wa kiume ni Mirlan. Mirlan alikwenda Urusi, Chelyabinsk, kama wanavyokwenda wote. Mnawajua. Hakuna nyumba hapa isiyo na godoro lililokunjwa la mtu aliyeondoka. Akapata gari la mitumba, akawa anabeba abiria.

Mirlan na baba yake hawakuwa watu wa maneno. Ukiwakalisha pamoja utadhani wamegombana, kumbe wanapendana. Kwa hiyo simu zilikuwa za mama. "Umekula? Umelala? Haya." Mpaka asubuhi moja ya baridi gari la Mirlan lilipogoma. Akapiga simu, akamtaka baba.

"Baba, haliwaki."

"Linasemaje?"

"Halisemi kitu, Baba. Ni gari."

"Weka simu karibu na boneti, kisha washa."

Mirlan akaweka. Kule At-Bashy mzee akafumba macho.

"Tik-tik-tik-tik. Umesikia? Ingekuwa tik moja nzito, ningesema stata. Hizi nyingi ni njaa ya umeme. Fungua vichwa vya beteri. Utaona unga mweupe. Osha kwa maji ya moto na magadi, kausha, kaza."

Likawaka. Mirlan akacheka kwenye simu, kicheko cha mtoto mdogo. Mama Kalicha anasema mumewe alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatika. Akanywa chai, akala borsok tatu, yale maandazi madogo ya kwetu, akaomba na ya nne.

Tangu siku ile gari likiumwa Mirlan alikuwa akipiga simu. Mlio wa breki. Harufu ya petroli. Taa inayofifia. Mzee alisikiliza, akauliza, akatoa dawa. Na baada ya dawa mazungumzo yalitelezea kwingine: theluji ya kule, mwenye nyumba mkorofi, jino linalouma. Gari lilikuwa mlango, wakaingilia hapo.

Lakini mzee alikuwa fundi mzuri mno. Gari likapona. Likapona kabisa. Simu zikaisha.

Mzee akawa anazunguka uani kama kuku aliyepoteza yai. Anaikagua simu kama ina chaji. Anamwomba Asankul aipigie, aone kama inaita.

Ndipo, wasikilizaji wapendwa, mpira wa maji wa radieta ya gari la Mirlan, ule mnene, ukaanza kuvuja penye ufa. Mirlan akapiga. Mzee alijua dawa yake. Mpira wenye ufa hubadilishwa. Hata utingo wa trekta anajua hilo. Lakini alimwambia, "Futa vizuri, zungushia mkanda wa gundi, kaza kwa waya. Utakwenda."

Mama Kalicha alikuwa anakanda unga. Akageuka.

"Baba Mirlan, mbona hukumwambia abadilishe?"

"Akibadilisha, atapiga simu ya nini?"

Mama Kalicha aliendelea kukanda. Anasema hakujibu. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Na mimi nilitaka simu ilie," akasema.

Ikalia. Mkanda ulilegea baada ya siku chache. Mzee akasema ongeza mwingine. Ukalegea tena, akasema ongeza tena. Walizungumza majira yale yote ya kupukutika majani. Mirlan alimwambia baba yake mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu, hata habari za msichana aliyemkataa.

Kisha ukaja usiku wa baridi kali. Nje ya mji, njia tupu, mpira ule ukapasuka. Maji yote chini. Injini ikachemka ikazimika, na heta ya kumpasha joto ikafa nayo. Mirlan alisimama barabarani mpaka lori likamwokota. Kwa baridi ile alipoteza ncha ya sikio na vidole viwili vya mguu. Fundi wa kule akachana ile mikanda, tabaka juu ya tabaka, akauliza, "Nani kakufungia uchafu huu?"

Mirlan akapiga simu. Mara hii hakuweka simu kwenye boneti.

"Baba, ulijua ule mpira ulikuwa wa kubadilishwa?"

Mzee angeweza kudanganya. Hakudanganya.

"Nilijua."

"Basi magari yangu usiyasikilize tena."

Na wasikilizaji, wale wawili hawakuwa na mlango mwingine. Huo ndio ulikuwa mlango. Ukafungwa. Mirlan akanunua gari jingine, jipya, lisiloumwa.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo ninyi mnalijua na mimi nalijua. Kwetu, habari ya kifo haisemwi kwa simu. Mtu aliye mbali haambiwi, "Baba yako amekufa." Anaambiwa, "Baba yako hajisikii vizuri, njoo." Mkubwa mmoja anasema hivyo, na mwenye kuambiwa anakwenda nyumbani akijua na asijue. Akifika anakalishwa katikati ya watu wake, wanamshika mabega, ndipo anaambiwa. Hivyo ndivyo tunavyofanya, ili mtu asianguke peke yake.

Karibu mwaka mzima ulipita bila Mirlan kupiga simu. Majira ya kupukutika majani yakafika tena. Mzee Omurkul akaenda kwa Asankul.

"Mpigie mwanangu. Mwambie sijisikii vizuri, aje."

Asankul aliruka. "Una wazimu? Hayo ni maneno ya maiti!"

"Kwani najisikia vizuri?"

"Omurkul, hayo maneno hayachezewi."

"Sichezi. Nitizame. Nacheza?"

Asankul alimtazama. Akapiga.

Mirlan aliendesha gari kutoka Chelyabinsk, akaikata Kazakhstan yote, bila kulala. Njiani alimlilia baba yake. Burul anasema macho yalikuwa yamevimba hata hayafunguki vizuri. Alifika asubuhi. Akashuka, akaanza kulia kwa sauti tangu getini, kama inavyompasa mtoto wa kiume, "Baba yangu we! Mlima wangu we!"

Mzee Omurkul akatoka chini ya boneti la gari la kijani, kitambaa mkononi.

Mirlan akakatisha kilio katikati.

Mzee hakujua aanzie wapi. Akalitazama gari jipya la mwanawe. Akauliza, "Linalia vipi hilo?"

"Halilii, Baba."

"Nifungue nitazame?"

"Humo hamna cha kushika."

Mama Kalicha alileta chai. Mirlan aliinywa amesimama. Alimkumbatia mama yake, akambusu dada yake. Kwa baba yake alisema neno moja tu: "Nimekwisha kukulilia." Akaingia garini. Kweli lile gari halikulia. Liliondoka taratibu kama paka.

Wasikilizaji wapendwa, mimi si wa kumhukumu mtu. Maisha yamenichapa makofi ya kutosha hata nimeacha kuuliza nani kaanza. Nasema tu yaliyotokea.

Majira haya ya baridi, mwezi uliopita, Mzee Omurkul alikuwa anapasha moto injini ya Asankul. Mnajua: sinia la makaa ya samadi chini ya injini, oili ilainike. Alichuchumaa kupuliza makaa. Hakuinuka. Moyo. Asankul alidhani anasikiliza kitu, akamngojea. "Nilimwacha," anasema. "Siku zote ukimsemesha akisikiliza anakasirika."

Bozui, hema letu la manyoya ya kondoo, ikasimamishwa uani, akalazwa humo ndani, wanawake wakaketi naye wakimlilia. Nje wanaume wakasimama na fimbo zao. Mahali pa kwanza, karibu na mlango, ni pa mtoto wa kiume. Pakaachwa wazi.

Asankul akapiga simu. Aseme nini? Maneno ni yaleyale. Hatuna mengine.

"Mirlan mwanangu, baba yako hajisikii vizuri. Njoo."

"Ami Asankul, shikamoo. Mpe pole. Mwambie aongeze mkanda."

"Mwanangu, safari hii..."

"Hata safari ile ulisema hivyo, Ami."

Asankul aligeuka, akawatazama wazee waliokuwa uani. Mdomo wake ulikuwa umefunguka, anasema. Neno lenyewe lilikuwa ulimini. Wazee wakatikisa vichwa. Si kwa simu. Yeye yuko peke yake kule. Asankul akafunga mdomo. Upande wa pili simu ikakatwa.

Burul akampigia, analia. Mirlan akamwambia, "Na wewe wamekufundisha?" Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Walimweka mzee siku tatu. Ardhi ilikuwa jiwe; vijana waliwasha moto juu yake ili ilainike wachimbe. Siku ya tatu walimzika. Mahali pale mlangoni pa bozui theluji haikukanyagwa.

Ndiyo hivyo, wasikilizaji wapendwa. Mzee Omurkul amezikwa, na mwanawe hajui. Arobaini inakaribia, na mwanawe hajui.

Wiki hii Mama Kalicha alikuja hapa studio, na Burul amemshika mkono. Akasema Mirlan husikiliza kipindi hiki kwenye simu yake akiwa njiani. Aliwahi kumwambia dada yake, "Mnavyowasifu wafu pale redioni, mtu anatamani kufa asifiwe." Nilicheka. Mama hakucheka. Akasema, "Basi mwambie wewe."

Nikamjibu, "Mama, mimi pia ni Mkirgizi. Yuko peke yake garini. Nitamwambiaje?"

Niliwaendea wazee. Chai ikapoa mbele yao. Mwishowe mmoja akasema, "Redioni kuna watu wengi. Labda hao ndio watakaomshika mabega." Hakusema kwa matumaini. Alisema kama mtu anayefunga mlango wa zizi ambalo halina kitu.

Kwa hiyo nawaomba, popote mlipo. Mliopo jikoni, mlioko malishoni, mlio kwenye vyumba vya kupanga vya Moscow na Yekaterinburg. Nyamazeni kidogo. Kaeni naye.

Kwa Mama Kalicha na Burul, kwa Asankul aliyepoteza rafiki na neno pamoja, poleni sana. Mola amlaze mzee mahali pasipo na baridi. Na ninyi mlio na mtu ambaye hamjui kuzungumza naye ila kwa kuulizana habari za gari, za ng'ombe, za mvua: mwulizeni leo. Msingoje kitu kiharibike. Najua wengi hamtafanya. Na mimi sijafanya.

Mirlan, mwana wa Omurkul. Egesha gari. Zima injini. Kama kuna mtu karibu, mwite, hata kama humjui.

Baba yako amefariki. Amezikwa kwenu, juu ya kilima, karibu na baba yake.

Nilimwuliza mama yako niongeze nini. Nilidhani atasema, mwambie aje. Akatikisa kichwa. "Hilo usimwambie," akasema. "Akisikia 'njoo' hataamini. Mwambie amekufa, basi, unyamaze."