Joho la Kwanza Si la Daktari

Mheshimiwa Chirau Mwero, mwenyekiti wa mfuko unaotusomesha, Mwalimu Mkuu wetu, Bi Jemima, walimu wetu, wazazi mliotoka Waa, Matuga na kwingineko, nanyi wanafunzi wenzangu: wakubwa shikamooni, na nyote nawatakia amani ya Mwenyezi Mungu.

Mimi ni Biasha, wa kidato cha nne. Muda mfupi uliopita mmesikia jina langu likisomwa. Nikifaulu mtihani, mfuko huu utanipeleka chuo kikuu kusomea shahada mbili zilizounganishwa, ya sayansi kwanza, kisha ya udaktari. Nimeitwa hapa kushukuru, na ninashukuru kwa dhati. Lakini mbele yangu alikwenda mwingine kwa njia hiyo hiyo, naye ni dada yangu Yusra. Nikishukuru bila kumtaja nitakuwa nimewadanganya.

Je, mnajua kozi ile ilivyo? Wenzake wa sayansi walipofunga muhula na kurudi makwao, Dada Yusra alibaki bwenini akisoma mifupa na mishipa. Watu wa sayansi waliwaita yeye na wenzake wa kozi hiyo "madaktari wa mdomo." Walipovuka ua kwenda upande wa udaktari, wenyeji wa huko waliwaita "wageni," na viti vya mbele hawakupewa. Siku ya kwanza kuingizwa kwenye chumba cha maiti za mafunzo, dada alisimama akamsomea Fatiha yule marehemu asiyemjua. Mwenzake Samuel, aliyesimama kando yake, alimnong'oneza, "Ukimaliza nisomee na mimi, maana ndimi ninayefuata kuanguka." Walicheka hadi wakafukuzwa. Kisha wakaomba radhi, wakarudi, wakashika kisu. Hivyo ndivyo walivyoishi, wakibeba masomo ya watu wawili kwa kichwa kimoja.

Katika kozi hiyo, sayansi ikikamilika, mwanafunzi huvalishwa joho. Anapigwa picha, anapongezwa, halafu anarudi darasani, kwa sababu wodi hajaanza kuziingia. Joho la daktari linakuja baada ya miaka mingine tena.

Sisi tuliliona joho hilo la kwanza tukapagawa. Kwetu Waa yalisomwa maulidi, pilau likapikwa, na vigelegele vilisikika hadi barabarani. Dada alipojaribu kusema, "Jamani, bado," shangazi alimziba mdomo kwa kipande cha nyama. Nawe Mheshimiwa ulikuja, ukala nasi, na wiki hiyo bango kubwa lenye picha yake likasimamishwa Ukunda: "Daktari wetu wa kwanza."

Kisha mfuko ukamwondoa kwenye ufadhili. Nilikuwepo ofisini kwako, Mheshimiwa, nimemshika dada mkono.

"Binti yangu, umeshahitimu," ulimwambia. "Waachie na wenzako."

"Nimehitimu nusu, baba."

"Nusu? Lile joho lilikuwa limekatwa wapi?"

Ofisi nzima iliangua kicheko. Dada aliitikia, "Ahsante, baba," kama tulivyolelewa, akatoka. Mimi sikucheka siku ile, na hadi leo sijaona kilichochekesha.

Kosa la jirani ninalielewa, maana jirani hajawahi kuona chuo. Lakini mfuko unaompeleka mtoto kwenye kozi unakosaje kuuliza kozi inaishia wapi? Mliwezaje kupiga picha katikati ya safari, mkaiita mwisho, na mtu mwenyewe alikuwa amesimama mbele yenu akiwaambia siyo?

Matokeo yake yalitufikia mlangoni. Mama Kahaso, jirani yetu, alikuja barazani na mtoto anayechemka homa. "Daktari, niangalizie." Dada akamwambia, "Mama, mimi si daktari bado. Twende kituo cha afya." Mama Kahaso akamjibu, "Ala! Umeshaanza kuringa? Sura yako iko barabarani, na dawa unatunyima?" Dada hakubishana. Alimchukua yule mtoto, akambeba mwenyewe hadi kituoni huku anatukanwa njia nzima. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini kama dada angeona haya, akatwaa cheo mlichompa na kukisia dawa, leo tungekuwa tunasema nini? Bango lingejibu?

Sasa dada yangu anapokea wageni hotelini Diani. Ni kazi ya halali, siidharau. Ila wageni wakiumwa tumbo humwita meneja, naye dada husimama pale akijua nusu ya jibu. Chuo kimemwekea nafasi yake hadi muhula ujao, na si zaidi. Asiporudi muhula huo, udaktari wake umekwisha.

Mwalimu Jemima alisoma hotuba hii jana. Nilidhani ataikata. Aliniambia tu, "Biasha, sema polepole, wasikie kila neno." Basi nasema polepole.

Mheshimiwa, wewe si mtu mbaya. Wasichana wengi wa hapa wasingefika kidato cha nne bila mfuko wako, na ndiyo sababu bado nina matumaini. Lakini ufadhili wangu sitaupokea leo ukiwa umekatwa mahali pale pale. Ninaomba useme mbele ya wazazi hawa kwamba mfuko utamfikisha mwanafunzi wa kozi hii hadi udaktari wenyewe, na kwamba wa kwanza kurudishwa ni Yusra. Ukisema ndiyo, nitakuja kukushika mkono kwa furaha. Ukisema hapana, sema pia, ili wazazi hawa wajue wanawatuma watoto wao wapi.

Dada ameomba ruhusa kazini. Ndiye yule aliyekaa nyuma, mwenye sare ya hoteli. Hakujua kwamba nitamtaja, na naona ananikasirikia. Nisamehe, dada.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Naketi sasa, Mheshimiwa, ili wewe usimame umjibu Yusra.