Fimbo saba za kuanzia gofu

Mu taksibisi ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Mugunga, Papa Ntirenganya, shofere wa ONG moja ya misaada, alipakata fimbo za gofu. Mama mumoja mukimbizi wa vita ya Masisi akamuuliza kama anaenda kuchunga ng'ombe.

"Ni za muchezo wa kupiga kampira, mama. Wakubwa wangu wanatumia kumi na ine. Mimi ninaanza tu, nikachagua saba za bei rahisi."

"Fimbo saba kwa kampira kamoja? Kalikukosea nini?"

Sisi abiria tulicheka. Papa Ntirenganya akapangusa fimbo ambayo haikuwa na vumbi. "Munacheka, lakini gofu inaomba nafasi kubwa, nyasi safi, na watu wasipitepite."

Taksibisi ikasimama mbele ya mahema. Mama akashuka. "Basi nenda kwetu Masisi, papa. Nyasi iko safi, na watu walishafukuzwa wote. Kiwanja yako iko tayari."