Mpagazi Asiyependa Kubebwa

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Theodora, mtoto wa kwanza wa marehemu, nimeambiwa nisome taratibu na nisilie, la kwanza nitalijaribu.

Baba yetu, Mzee Mathias Bundala, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Usoke, mtoto wa tatu katika familia ya mpagazi, maana babu wa baba yake alibeba pembe za ndovu katika misafara, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, jambo ambalo baba alimsimulia kila mtu, hata asiyeuliza. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Usoke, 1965 hadi 1971, na mwaka 1976 akaajiriwa reli, kazi ya kukagua njia kwa miguu, nyundo begani, akijisifu kwamba reli imefuata nyayo za wazee wake. Tarehe 7 Agosti 1982 alifunga ndoa na mama yetu, Dafrosa, wakajaliwa watoto wanne.

Alikuwa pia beki wa timu ya wafanyakazi, na jamani, mpira aliujua! Novemba 1984 goti la kulia lilijipinda uwanjani, na Februari 1985 akapasuliwa, akaondolewa lote lile gegedu linalokaa kati ya mifupa kama mto wa kulalia, maana ndivyo ilivyofanyika siku hizo. Daktari alimwonya kwamba goti la namna hiyo husagika uzeeni, atafute kazi ya kukaa. Baba akamjibu kwamba Mnyamwezi hubeba, habebwi, akarudi relini, akatembea miaka ishirini na saba mingine hadi alipostaafu 2012.

Daktari hakusema uongo. Tangu 2003 goti lilivimba kila masika, picha ya 2011 ikaonyesha mifupa inasagana, na kuanzia 2019 alitembelea fimbo, akakataa bajaji, akakataa kiti cha magurudumu, na kutoka nyumbani Kanyenye hadi kanisani, mwendo wa dakika kumi, alitumia saa nzima, mama akijifanya viatu vinambana ili amsubiri bila kumwaibisha. Mama, sote tulijua, na yeye alijua.

Tarehe 2 Juni 2025 alipatwa na kiharusi, wajukuu wakambeba hadi kwenye gari, akawakunjia uso njia nzima, na Jumatatu tarehe 9, alfajiri, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa reli, na mtani wetu Mgogo, Bwana Adriano, ambaye tangu asubuhi anachechemea na fimbo ya marehemu mbele ya wafiwa, hadi mama akacheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Gari la jeneza lipo nje, lakini mama ameomba lirudi tupu. Tutakwenda makaburini kwa miguu, tukipokezana begani, polepole, kama alivyokwenda yeye.

Baba, tunajua hupendi, ila leo vumilia, ni zamu yetu kubeba. Tua mzigo, upumzike kwa amani.